Somo la 17: Jirani Anayesali Pasipo Hati ya Serikali



Siku moja mkristo wetu mmoja alitujia na barua mkononi. Alitaka tuitie sahihi kabla hajaipeleka kwa chifu. Barua ilisema kwamba watu wanaokusanyika katika nyumba ya majani kando ya mto wanasali pasipo hati ya serikali, basi wafukuzwe. Tukamwuliza: Wamekukosea nini? Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba binti yake anasali huko. Hatukutia sahihi. Leo twataka kuwaeleza sababu.

1. Hati ni kitu gani?

Katika nchi yetu ya Kongo, vyama vya dini huongozwa na sheria ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya vyama visivyotafuta faida. Chama chenye hati huhesabiwa mbele ya sheria kama mtu mmoja: chaweza kumiliki kiwanja kwa jina lake, kufanya mapatano, na kusimama barazani. Kikundi kisicho na hati hukosa mambo hayo, na hasara yake si ndogo. Kiwanja chao cha kusalia huandikwa kwa jina la mtu mmoja. Naye akifa, watoto wake waweza kukidai.

Lakini hati haizai imani. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 22, humpa kila mtu haki ya kuwa na dini na kuionyesha, peke yake au pamoja na wenzake, akiheshimu sheria, utulivu wa watu wote, maadili mema na haki za wengine. Angalieni neno hili: yasema «kila mtu», haisemi «kila mwenye hati».

2. Makosa ya zamani

Mwaka 1885 wakubwa wa Ulaya waliandika katika Mkataba wa Berlin kwamba uhuru wa dini utalindwa katika bonde la Kongo, kwa wenyeji na kwa wageni sawasawa. Maneno yalikuwa mazuri, matendo hayakuyafuata.

Mwezi wa Aprili 1921, katika kijiji cha Nkamba, Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuwaombea wagonjwa. Hakushika silaha. Hata hivyo alikamatwa mwezi wa Septemba, na tarehe 3 Oktoba baraza la kijeshi huko Thysville lilimhukumu fimbo 120 na kuuawa. Mfalme Albert alibadili hukumu ya kifo iwe kifungo cha maisha. Kimbangu alikaa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, miaka 30, akafa humo tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake wengi walihamishwa mbali na makwao. Walisali kwa siri hata tarehe 24 Desemba 1959, serikali ilipowatambua.

Tusifiche neno: baadhi ya wamisionari wetu Wakatoliki waliihimiza serikali iwe kali juu yao. Fimbo haikuua imani ile. Iliitawanya nchini kote.

3. Waliopigwa jana na waliofungiwa baadaye

Tarehe 31 Desemba 1971 serikali ya Mobutu ilitoa sheria ya kutambua makanisa matatu tu: la Katoliki, la Waprotestanti na la Wakimbangu. Waortodoksi na Waislamu waliongezwa baadaye. Wakimbangu, waliokuwa wamefungwa, sasa walikuwa ndani. Vikundi vidogo vikabaki nje. Mashahidi wa Yehova walipigwa marufuku mwaka 1986, na Mahakama Kuu iliifuta amri hiyo mwaka 1993. Nasi tuliokuwa ndani hatukukaa salama: mwaka 1972 tulikatazwa majina yetu ya ubatizo, na Kardinali Malula alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Basi mwenye hati leo asimcheke asiye nayo.

4. Kanisa lafundisha nini?

Tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulitoa Tamko juu ya Uhuru wa Dini. Halisemi kwamba dini zote ni sawa. Lasema kwamba mtu asilazimishwe kuamini, wala asizuiwe kufuata dhamiri yake, katika mipaka ya haki. Tena lasema kwamba hata pale dini moja inapopewa cheo cha pekee na serikali, haki ya dini nyingine ilindwe.

5. Mipaka iko wapi?

Mipaka iko katika matendo. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 yakataza kumshtaki mtoto kuwa mchawi. Mchungaji anayemfunga mtoto kamba na kumnyima chakula ili kumtoa uchawi, huyo ashtakiwe, awe na hati au asiwe nayo. Lakini kuimba, kusali na kufundisha kwa amani si kosa la kupelekwa kwa chifu.

Kwa hiyo tulimwambia yule baba: uchungu wako twauelewa, lakini barua hii haitamrudisha mtoto, itamfundisha tu kujificha. Zungumza naye, umwombee, na mlango wa nyumba yako ubaki wazi. Alichana barua. Binti bado anasali kando ya mto, lakini siku za sikukuu anakula mezani kwa baba yake.

Maswali ya kukumbuka
1. Hati ya serikali hukipa kikundi nini, na nini haiwezi kukipa?
2. Kwa nini fimbo haikuimaliza imani ya Wakimbangu?
3. Ni tendo gani lapaswa kushtakiwa, hata likifanywa na mwenye hati?