Filamu moja ilivyoitia doa zabibu ya Merlot

Wafanyabiashara husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wakulima wa mizabibu wa California, nchini Marekani, wana sababu ya kuitilia shaka methali hiyo. Mwaka 2004 zabibu yao nyekundu iitwayo Merlot, iliyokuwa kipenzi cha wanywaji, iligeuka kichekesho. Haikuwa imeingia ugonjwa wala kupigwa marufuku. Ilikataliwa tu na mtu mmoja ndani ya sinema.

Sinema hiyo ni Sideways, iliyoongozwa na Alexander Payne kutokana na riwaya ya Rex Pickett. Marafiki wawili wanazunguka mashamba ya mvinyo ya Santa Barbara, mmoja wao akikaribia kufunga ndoa. Mwenzake, mwalimu aitwaye Miles, anaisifu zabibu ya Pinot Noir kuwa laini, yenye ngozi nyembamba na inayotaka mkulima mvumilivu. Merlot haitaki hata kuiona mezani, na anaapa kwa hasira kwamba ikiagizwa ataondoka. Watazamaji walicheka, na mwaka 2005 filamu ikapata tuzo ya Oscar ya mswada bora uliotokana na kitabu.

Kicheko hicho kilifika madukani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sonoma State, wakiongozwa na Steven Cuellar, walilinganisha mauzo ya kabla na baada ya filamu. Waligundua kuwa Pinot Noir ilipanda kwa mauzo na kwa bei. Merlot ilishuka, lakini si kwa kiasi kilichokuwa kikisemwa mitaani, na pigo liliangukia zaidi chupa za bei ya chini ya dola 10.

Kwa nini chupa za bei ya chini ndizo ziliumia? Jibu liko miaka 13 nyuma.

Televisheni ilipandisha, sinema ikashusha

Novemba 1991, kipindi cha 60 Minutes cha televisheni ya CBS kilieleza kwamba Wafaransa hula mafuta mengi lakini hawaugui sana moyo, kikaashiria kuwa huenda mvinyo mwekundu unawasaidia. Wamarekani wakakimbilia mvinyo mwekundu. Merlot, isiyokwaruza ulimi na yenye jina rahisi kutamka, ikawa chaguo la mnywaji mgeni.

Wakulima wakafuata fedha. Katikati ya miaka ya 1980 California ilikuwa na ekari elfu chache tu za Merlot. Kufikia 2004 zilizidi 50,000. Nyingi zilipandwa kwenye udongo na joto visivyoifaa, zikatoa mvinyo mwepesi usio na ladha. Kwa hiyo filamu ilipotokea, sifa ya Merlot ilikuwa imeshaanza kuliwa na mchwa.

Hatari ya mchezo huu huangukia shambani. Sinema huisha kwa saa mbili, lakini mzabibu mpya huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno ya kuuza. Anayeng'oa leo kwa kufuata mtindo anaweza kuvuna wakati mtindo umeshapita.

Jina lauzwa, kilichomo ni kingine

Umaarufu wa Pinot Noir ulizaa pia ulaghai. Februari 2010, mahakama ya Carcassonne, kusini mwa Ufaransa, iliwatia hatiani wazalishaji na wafanyabiashara 12 waliouza Marekani mvinyo wenye jina la Pinot Noir, kiasi cha kujaza takriban chupa milioni 18. Ndani mlikuwa na zabibu za bei nafuu, zikiwemo Syrah na Merlot yenyewe. Wakaguzi walishtuka walipoona mzigo uliouzwa unazidi Pinot Noir yote ambayo eneo hilo lingeweza kuzalisha. Upande wa utetezi ulidai kuwa hakuna mnywaji wa Marekani aliyelalamika.

Filamu yenyewe ina kinaya chake. Chupa ambayo Miles ameitunza kama hazina ni Château Cheval Blanc ya mwaka 1961 kutoka Bordeaux, na mvinyo huo huchanganywa kwa Cabernet Franc na Merlot. Vilevile Pétrus, mmoja wa mvinyo ghali kuliko yote duniani, hutengenezwa karibu wote kwa Merlot. Zabibu ileile hudharauliwa kwenye chupa yenye jina lake na kuheshimiwa kwenye chupa yenye jina la shamba.

Kwa anayevusha mvinyo mipakani, jambo hili liko karibu kuliko linavyoonekana. Dodoma, inayovuna zabibu mara mbili kwa mwaka, ina zabibu yake nyekundu inayoitwa Makutupora, jina la mahali kilipo kituo cha utafiti wa zabibu. Hakuna filamu ya Hollywood iliyoisifu wala kuikashifu. Sifa yake bado inajengwa na mkulima, kiwanda, na muuzaji anayeipanga kwenye rafu.

Merlot ilianza kuanguka siku chupa hafifu zilipoingizwa sokoni kwa wingi kwa sababu tu jina lilikuwa linauza. Miles alikuja baadaye, akasema kwa sauti kile ambacho wanywaji walikuwa wameshaanza kukionja.