MoU ni Posa, Ndoa Haijafungwa

Wiki hii nimeulizwa tena, mara ya tatu tangu mwezi uanze: "Dokta, chuo kimeshasaini MoU (hati ya maelewano) na kiwanda, si tumelindwa?" Hapana. Hamjalindwa hata kidogo.

Safari hii aliyeuliza ni mhadhiri wa sayansi ya chakula. Alifungua bahasha mezani kwangu: kurasa mbili, nembo mbili, mihuri miwili, na picha ya wakubwa wakipeana mikono. Nikasoma. Pande zote "zitashirikiana kwa nia njema". Matokeo yatakuwa mali ya nani? Hamna. Nani analipia vipimo? Hamna. Kifungu cha mwisho kinatamka wazi kwamba hati hiyo haimfungi yeyote kisheria. Mwenzangu hakuwa amefika huko, na kazi yake ya miaka minne alishaanza kuipeleka kiwandani kwenye chupa za sampuli. Inaniuma.

MoU ni posa. Mahari haijatajwa, ndoa haijafungwa, na ukiachwa huna pa kudai.

Wengine hunijibu: "Lakini utafiti uligharimiwa na chuo na serikali, kwa hiyo ugunduzi ni wetu." Hao nawapa kisa cha Stanford, Marekani. Mwaka 1988 daktari Mark Holodniy alijiunga na chuo hicho kama mtafiti, akasaini karatasi kwamba anakubali kukikabidhi chuo ugunduzi wake. Mwaka uliofuata akaenda kampuni ya Cetus kujifunza PCR, mbinu ya kurudufu DNA iliyozaliwa hapohapo. Kabla ya kuanza kazi akapewa fomu ya kutunza siri, naye akasaini. Ndani yake mlikuwa na maneno machache: kwamba atakabidhi, na kwa hati hiyo anakabidhi, haki ya atakachogundua kutokana na kupokelewa kwake Cetus. Baada ya miezi kadhaa akarudi chuoni, na kazi yake na wenzake ikazaa njia ya kupima wingi wa virusi vya UKIMWI mwilini. Mwaka 1991 kampuni ya Roche ikanunua biashara ya PCR ya Cetus, kisha ikauza vifaa vya kipimo hicho.

Stanford ilikuwa na hataza mkononi, tena sehemu ya utafiti iligharimiwa na serikali. Mwaka 2005 ikaishtaki Roche, ikashindwa. Mahakama ya Rufani ilisoma zile karatasi mbili neno kwa neno: ya chuo ilikuwa ahadi ya kukabidhi, ya Cetus ilikuwa makabidhiano yenyewe. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ikasema fedha ya serikali peke yake haikipi chuo umiliki; haki huanzia kwa mgunduzi, na huhama pale tu anapoihamisha. Chuo tajiri chenye mawakili wake kilipoteza kwa tofauti ya "nakubali kukabidhi" na "nakabidhi". Sisi tunategemea "nia njema"!

Basi fanyeni hivi, na mfanye mapema. Dai mkataba wa utafiti kabla ya sampuli ya kwanza kutoka nje ya maabara. Uorodheshe kila upande umekuja na nini, matokeo ni ya nani, na kampuni inaruhusiwa kuchelewesha uchapishaji kwa siku ngapi. Weka idadi ya siku, usikubali "muda muafaka". Tasnifu ya mwanafunzi isizuiwe. Sampuli ziwe na hati yake. Ombi la hataza litangulie makala na mkutano, kwa sababu ukishatangaza hadharani, upya unaotakiwa kwa hataza umeupoteza katika nchi nyingi. Na hataza ina mipaka: ya BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, haifiki hata Zanzibar, ya KIPI ni ya Kenya, na mnaotaka nchi kadhaa kwa ombi moja nendeni ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika.

Mwenzangu anapeleka wanafunzi wawili kiwandani Jumatatu. Nimemwambia wakipewa fomu getini wasisaini, wanipigie picha wanitumie kwanza. Nitakuwa na simu mkononi.