Baraka za wazee na fumbo la kura Mandera

KATIKA mji wa Rhamu, ulio kando ya mto Daua kwenye mpaka wa Kenya na Ethiopia, ni nadra mwanasiasa kutangaza kwamba anawania kiti kabla hajaketi mbele ya wazee wa ukoo wake.

Huenda kwa adabu. Huvua viatu, hukaa mkekani, hutaja nasaba yake ili kila aliyepo ajue ni mwana wa nani, kisha husema haja yake kwa sauti ya chini. Wazee wenye ndevu zilizotiwa hina na bakora mapajani humsikiliza bila kumkatiza. Wakimridhia, humwombea dua, Fatiha husomwa, na tangu saa hiyo mtu huyo huwa si mgombea tu, bali ni mgombea wa ukoo. Wasipomridhia, hurudi nyumbani akiwa na hofu ya jambo zito kuliko kushindwa: laana ya wazee, ambayo Wasomali huiita habaar.

Mgeni akiyaona hayo atadhani kwamba mahali penye heshima ya namna hii hapawezi kuwa na siasa za mgawanyiko. Historia ya karibuni ya Mandera inaonyesha vingine. Eneo hili ambalo wazee wake wanaheshimiwa mno ndilo ambalo chaguzi zake zimeacha makaburi na familia zilizohama makwao. Mwaka 2012, na tena 2013 na 2014, watu wa koo za Garre na Degodia walipigana katika Rhamu, Banissa na vijiji vya mpakani mwa Wajir. Maelfu ya watu walikimbia. Mnamo Juni 2014 ni wazee hao hao walioketi na kukubaliana kusitisha vita.

Kulielewa jambo hili yafaa kwanza kujua mamlaka ya mzee yanatoka wapi.

Mzee wa ukoo si mtu mwenye umri mkubwa tu. Ni mdhamini. Kwa mujibu wa heer, yaani sheria ya mila ya Wasomali na jamii jirani, mtu akiua, deni haliwi lake peke yake. Ukoo wake wote hulipa diya, na wazee ndio wanaopitisha mchango boma kwa boma. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, ambalo lilipitiwa upya mwaka 2005, liliweka kiwango kinachotajwa hadi leo: ngamia au ng'ombe 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. (Hesabu hiyo ya nusu kwa mwanamke tutairudia.) Mzee anayeweza kuamuru watu mia kadhaa watoe mifugo yao ili kijana mmoja asilipiziwe kisasi ni mtu anayestahili kuvuliwa viatu.

Serikali nayo imeyajua hayo kwa muda mrefu. Wakoloni Waingereza, walioifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa, walitawala kwa kuwapa mishahara vinara wa koo na kwa kuziadhibu koo nzima kwa makosa ya wachache. Kenya huru ilirithi mtindo huo. Hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963, vita vya shifta vilipokuwa vikianza, haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Kwa muda wa karibu miaka 28 mkazi wa Rhamu aliijua serikali kupitia watu wawili, askari aliyembeba bunduki na mzee aliyekwenda kumwombea msamaha kwa askari huyo.

Hapo ndipo uzee na jeshi vilipokutana. Katika eneo zima la Kaskazini Mashariki, mtu aliyevaa sare na kufika juu alirejea nyumbani na hadhi ambayo hata nasaba haikuweza kuitoa. Mfano mkubwa unatoka kusini, katika Garissa. Jenerali Mahmoud Mohamed alikuwa naibu kamanda wa jeshi la nchi kavu mnamo Agosti 1, 1982, askari wa jeshi la wanahewa walipojaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Yeye ndiye aliyeongoza kikosi kilichoikomboa Sauti ya Kenya kutoka mikononi mwa waasi. Alipewa kulisimamia jeshi la wanahewa, na kutoka 1986 hadi 1996 alikuwa Mkuu wa Majeshi. Ndugu yake, Hussein Maalim Mohamed, aliingia katika baraza la mawaziri mwaka 1983. Kwa miaka mingi mtu hangeweza kuzungumzia siasa za Garissa bila kutaja nyumba hiyo.

Kwa wengi huo ulikuwa ushahidi kwamba Msomali wa Kenya ameaminiwa na nchi yake. Lakini heshima kwa sare haikuwa nyepesi kwa kila ukoo. Mnamo Februari 1984, miaka miwili tu kabla ya Jenerali Mahmoud kupanda cheo hicho, wanaume wa Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, na wengi wao wakauawa. Serikali ilitaja kwanza watu 57. Baadaye, mwaka 2000, ilikubali kwamba walikuwa 380. Manusura wanasisitiza kwamba idadi ilikuwa kubwa zaidi kuliko hiyo. Basi cheo kile kile ambacho jirani alikiona ni fahari, kwa mjane wa Wagalla kilikuwa na sura nyingine, na tofauti hiyo haijawahi kufutwa na hotuba za maridhiano.

Jamaa nyingine ya Garissa yaonyesha jinsi heshima hii inavyopita kwa urithi. Marehemu Yusuf Haji, aliyekuwa mkuu wa mkoa kabla ya kuingia bungeni, alikuwa Waziri wa Ulinzi kuanzia 2008 hadi 2013, wakati majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia. Alipofariki Februari 2021 akiwa Seneta wa Garissa, kiti chake kilikwenda kwa mwanawe, Abdul Haji, ambaye Wakenya walimfahamu kwa ujasiri wake wakati wa shambulio la jumba la Westgate mwaka 2013. Hakuna aliyempinga. Karatasi za kura hazikuhitajika.

Jambo hili si la Kenya pekee. Nchini Thailand, kila mwaka wakati wa Songkran, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi inayoangukia Aprili, makamanda wa majeshi walikuwa wakifika nyumbani kwa Jenerali Prem Tinsulanonda jijini Bangkok ili kumwagia maji mikononi na kuomba baraka zake. Prem alikuwa waziri mkuu kutoka 1980 hadi 1988, kisha akawa mkuu wa baraza la washauri wa mfalme. Baada ya majeshi kumpindua Thaksin Shinawatra mwaka 2006, wafuasi wa Thaksin walimtuhumu mzee huyo kuwa ndiye aliyekuwa nyuma ya mapinduzi, na Julai 2007 waliandamana hadi mlangoni pake. Maji yaliendelea kumwagwa mpaka karibu na kifo chake mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 98. Ibada ilidumu, ila nusu ya nchi ilikuwa imeacha kuiona kuwa ni ya wote.

Mandera haina jenerali wa kumwagiwa maji, na wazee wake hawapindui serikali. Hata hivyo fumbo ni lile lile, na lilijitokeza waziwazi baada ya Katiba ya 2010.

Katiba hiyo ilileta ugatuzi. Kaunti ya Mandera, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ikisubiri magunia ya chakula cha msaada kutoka Nairobi, katika mwaka wa fedha wa 2013/2014 ilijikuta miongoni mwa kaunti zilizopata mgao mkubwa zaidi, zaidi ya Sh6 bilioni. Maeneobunge yaliongezwa kutoka matatu hadi sita, na Rhamu ikawa katika eneobunge jipya la Mandera Kaskazini. Kiti cha ugavana sasa kilikuwa na maana ya barabara, visima, zahanati, zabuni na ajira. Ukoo ambao ungegawanya kura zake ungeweza kukosa vyote.

Wazee wa Garre, ukoo ulio mkubwa zaidi katika kaunti, waliona hatari hiyo mapema. Walikutana, wakagawanya viti baina ya matawi yao, na kuwataka watu wao wampigie kura kila aliyeteuliwa. Utaratibu huo hufahamika kama demokrasia ya maelewano. Mwaka 2013 ulizaa matunda: Ali Roba alichaguliwa gavana na Billow Kerrow seneta, wote kwa tiketi ya chama cha URP.

Watetezi wake wana hoja yenye uzito. Kampeni za ukoo dhidi ya ukoo, wanasema, ni ghali na huua watu. Afadhali ugomvi umalizwe mkekani kuliko kituoni. Kwa tawi dogo ndani ya ukoo mkubwa, maelewano huweza kuleta kiti ambacho kura za wazi zisingelilipa kamwe.

Lakini maelewano ya nani? Hapa ndipo mwandishi huyu anapotofautiana na watetezi hao. Mkeka wa Garre ulimaliza mvutano baina ya Garre. Haukuwa na nafasi ya Degodia wa Rhamu wala ya Murulle wa upande wa mashariki, ambao waliamka siku baada ya uchaguzi wakiwa kama wageni katika kaunti yao. Diya huketisha pande mbili zilizokoseana. Uteuzi wa wagombea huketisha upande mmoja tu, ukapanga namna ya kuushinda mwingine. Ibada ni moja, wazee ni wale wale, dua ni ile ile, ila kazi inayofanywa imegeuka kinyume chake. Si ajabu kwamba mapigano ya Rhamu yalizidi kabla na baada ya uchaguzi huo.

Hata ndani ya Garre wenyewe utiifu ulipata ufa. Kabla ya uchaguzi wa 2017, wazee walitoa agizo ambalo lilizungumzwa nchi nzima: viongozi waliochaguliwa 2013 wasigombee tena, bali wawapishe wengine. Kerrow hakugombea. Roba alikataa. Alisema mbele ya umma kwamba mwenye haki ya kumwondoa ni mpigakura, akasimama kwa tiketi ya Jubilee dhidi ya mgombea aliyekuwa na baraka za wazee, Hassan Noor Hassan wa chama cha Economic Freedom. Akamshinda.

Matokeo hayo hayakumaanisha kwamba watu wa Mandera waliacha kuwaheshimu wazee. Harusi ziliendelea kusubiri ruhusa yao, na kesi za visima na malisho ziliendelea kupelekwa kwao. Kilichotokea ni kwamba mtu aliinamisha kichwa mchana, akapokea dua, kisha akaingia peke yake katika kibanda cha kura na kuamua alivyotaka. Katiba inamlinda: Kifungu cha 38 kinampa kila raia uhuru wa kufanya maamuzi ya kisiasa, na Kifungu cha 159, ingawa kinaitambua njia ya jadi ya kusuluhisha migogoro, kinakataza itumike kukiuka Sheria ya Haki. Wajir, kaunti jirani, ilipata somo la namna nyingine. Gavana Mohamed Abdi Mahamud, aliyechaguliwa mwaka huo huo wa 2017, aling'olewa mamlakani mwaka 2021 na madiwani na kisha Seneti.

Vijana wana lawama yao, nayo husemwa kwa sauti ya chini kwa sababu ni aibu kumsema mzee. Wanadai kwamba mabaraza yamejaa watu waliostaafu kutoka serikalini, kwamba mikutano siku hizi hufanyika katika hoteli za Nairobi kwa gharama ya mgombea mwenye fedha, na kwamba dua imekuwa na bei. Hakuna kipimo cha kujua ni wazee wangapi wanaohusika, na wengi wao huishi maisha ya kawaida kabisa. Lakini shaka ikishaingia, baraka haiwi tena baraka.

Na wanawake? Mkekani hawapo. Jamii inayohesabu damu ya mwanamke kuwa ngamia 50 haikuwa na haraka ya kumpa kiti cha ubunge. Ilichukua mpaka mwaka 2017 kwa mwanamke wa Kaskazini Mashariki kuchaguliwa mbunge wa eneobunge, naye ni Sophia Abdi Noor wa Ijara. Kabla ya hapo, wanawake wa eneo hili walifika bungeni kwa kuteuliwa au kupitia kiti kilichotengewa wanawake katika kila kaunti.

Mwaka 2022 Roba, aliyekuwa amemaliza mihula yake miwili, hakuondoka jukwaani. Alikuwa ndiye kiongozi wa chama cha UDM. Aligombea useneta na kushinda, na kiti cha ugavana kikachukuliwa na Mohamed Adan Khalif wa chama hicho hicho, ambaye alikuwa spika wa bunge la kaunti wakati wa utawala wake. Mtu aliyewakaidi wazee mwaka 2017 sasa ndiye ambaye wanaotaka viti humwendea kwanza, wakiwa wamevua viatu.