Hati ya Kiapo Haitakupa Faili Lako

"Wakili, siwezi tu kuapa afidaviti?" Vijana waliolelewa kwenye makao ya watoto hapa Kenya huniuliza hivyo mpaka nimechoka. Kijana ametimiza miaka 18, anataka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, na karani dirishani anamwuliza wazazi wako wapi. Nje ya lango la mahakama kuna mtu mwenye kompyuta na marafiki wenye mihuri, anayeahidi kumaliza yote hayo kwa shilingi mia chache.

Huwezi. Hati ya kiapo ni neno lako mwenyewe lililogongwa mhuri. Kamishna wa viapo hathibitishi kwamba uliyosema ni kweli. Anathibitisha kwamba ulifika mbele yake ukaapa. Anayeapa hutakiwa kueleza anayoyajua mwenyewe. Sasa, wewe uliokotwa ukiwa na miezi minane. Unajua nini cha kuapia? Ndipo mapengo hujazwa: mama wa kubuni, kijiji cha kubahatisha, tarehe ya kuzaliwa iliyochaguliwa kwa kufaa. Kuapa uongo ni kosa la jinai. Na siku faili la kweli la kesi iliyokupeleka makaoni litakapoibuka, tarehe mbili zitapingana, na atakayeshukiwa ni wewe, maana aliyekuandikia hakuweka jina lake popote.

Faili lenyewe kwa kawaida lina barua ya polisi yenye nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), ripoti ya afisa wa watoto, makadirio ya umri kutoka kwa daktari, na amri ya hakimu iliyokupeleka makaoni. Kwa nambari ile ya OB pekee unaweza kufuatilia uliokotwa wapi, siku gani, na nani alikufikisha kituoni. Hayo hayauzwi langoni.

"Lakini kesi za watoto ni siri." Ni siri kwa jirani na kwa gazeti. Sheria inakataza kutangaza jina, makazi au shule ya mtoto aliye mahakamani ili kumkinga yeye. Anayetumia kinga hiyo kumfungia nje mtoto mwenyewe ameisoma sheria kinyumenyume.

Basi fanya hivi. Andikia makao uliyolelewa na ofisi ya watoto. Omba nambari ya kesi, jina la mahakama na nakala ya yote yaliyoandikwa kukuhusu. Taja Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayokupa haki ya kuona data zinazokuhusu. Usitegemee Ibara ya 35 ya Katiba peke yake: haki ya kupata habari iliyomo humo ni ya raia, nawe karatasi za uraia ndizo unazohangaikia. Ombi chini ya sheria ya data halilipiwi, na hutakiwa kujibiwa ndani ya siku 7. Majina ya watu wengine yanaweza kufichwa. Wakinyamaza, lalamika kwa Kamishna wa Kulinda Data. Ukipata nambari ya kesi, iandikie masjala ya mahakama uombe kulisoma faili na kupewa nakala ya amri iliyothibitishwa. Wakikataa, peleka ombi kwa hakimu. Hujafika 18? Nenda na mlezi au afisa wa watoto. Uliasiliwa? Tafuta wakili kwanza, kwani rekodi zinazounganisha kuzaliwa kwako na kuasiliwa kwako huhitaji amri ya mahakama.

Nanyi wasimamizi wa makao: kijana anapoondoka, mkabidhini nakala ya amri ya mahakama siku hiyo hiyo. Msingoje aje kuiomba.