Haya Isitufanye Tuugue Kimya

Miezi michache iliyopita tulimkosa mzee wetu mmoja katika darsa ya baina ya Magharibi na Isha. Swala ya jamaa alikuwa akiihudhuria, lakini imamu akishatoa salamu yeye huinuka na kwenda zake. Sisi wa kamati tulidhani huenda tumemkosea. Tulipomwendea nyumbani, aliwatoa kwanza wajukuu ukumbini, kisha akatwambia kwa sauti ya chini kwamba hawezi kukaa. Kila aendapo haja kubwa huhisi kama anakatwa kwa wembe, maumivu humwandama kwa saa nzima au zaidi, na huona damu nyekundu. Alikuwa amekwisha kujihukumu kuwa ana saratani, na akaanza kujipunguzia chakula ili haja isimjie.

Tulimsihi, akakubali kwenda hospitali. Daktari alimwambia kuwa ana mpasuko wa njia ya haja kubwa, maradhi ya kawaida yenye tiba. Kwa ridhaa yake, na bila ya kumtaja jina, tunaliandika jambo hili, kwani tunaamini hayuko peke yake.

Mpasuko huu ni mchaniko mdogo katika ngozi laini ya ndani ya mlango wa tupu ya nyuma. Dalili zake ni maumivu makali wakati wa haja, ambayo yaweza kudumu kwa saa kadhaa baadaye, pamoja na damu kidogo mbichi. Wengi huuita bawasiri, lakini bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba, na aghalabu ile ya ndani hutoa damu bila ya maumivu.

Kwa nini kidonda kidogo namna hiyo hukawia kupona? Maumivu huufanya msuli unaofunga njia hiyo ukaze, na ukikaza, damu inayokifikia kidonda hupungua. Mgonjwa naye, kwa kuogopa, huizuia haja. Choo kinapokaa tumboni, utumbo hukifyonza maji, kikawa kigumu zaidi, na kikitoka hukichana kidonda upya. Ndiyo maana mzee wetu, kwa kujinyima chakula, alikuwa akijizidishia adha.

Sababu kubwa ya mpasuko ni kufunga choo na kujikamua kwa nguvu. Lakini hata kuharisha kwa muda mrefu huichubua ngozi hiyo. Wamo hatarini pia wajawazito na waliotoka kujifungua, watoto wadogo, na wenye maradhi ya uvimbe wa utumbo. Baadhi ya dawa, kama vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito na dawa kali za maumivu zenye kodeini, hufunga choo. Mwenye kuzitumia asiziache kwa hiari yake, bali amweleze daktari. Kumwingilia mke kwa nyuma, jambo ambalo dini yetu imeliharamisha, nako huleta majeraha haya.

Kinga huanzia jikoni. Mtu mzima anahitaji takriban gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku, nazo hazipatikani katika mkate mweupe na wali mtupu. Turudishe mezani ugali wa dona, maharage, kunde, mbaazi, mchicha, matembele, mapapai na machungwa. Tuongeze kidogo kidogo, na tuandamanishe na maji ya kutosha, kwani nyuzinyuzi bila ya maji huweza kulifunga tumbo badala ya kulifungua. Kutembea kwa miguu, hata kwenda na kurudi msikitini, nako huuamsha utumbo.

Chooni, haja ikija tusiiahirishe. Tusijikamue, wala tusikae muda mrefu tukitazama simu. Anayetumia choo cha kukalia aweke kibao chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga. Na katika kustanji, maji safi yanatosha. Sabuni zenye manukato na kusugua kwa nguvu huidhuru ngozi. Tujikaushe kwa kugusa taratibu.

Tunawaomba wazazi wawaangalie watoto. Mtoto anayekunja miguu na kujibana, au anayelia akipelekwa chooni, asikaripiwe kuwa ni mkaidi. Huenda anaogopa maumivu. Na wengine huizuia haja kutwa nzima kwa sababu vyoo vya shule au vya madrasa havifai. Hilo ni jukumu letu sisi wanakamati kabla halijawa la mtoto.

Ramadhani nayo ina hadhari yake. Tukifuturu kwa sambusa na kalimati, tukalala bila ya kunywa maji ya kutosha, choo hukauka. Tugawe maji baina ya futari na daku, na tusisahau matunda, mboga na tende.

Aliyekwisha kupata mpasuko, kukalia beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, hasa baada ya haja, hulegeza msuli na kupunguza maumivu. Daktari aweza kumwongezea dawa ya kulainisha choo au marhamu ya kulegeza msuli, na michaniko mingi mipya hupona katika wiki chache. Ule uliodumu zaidi ya wiki 6 hadi 8 huhitaji tiba zaidi, na wakati mwingine upasuaji mdogo. Asipake spiriti, chumvi wala dawa asiyoijua.

Na damu isidharauliwe. Akionaye damu nyeusi au nyingi, akikonda bila ya sababu, akibadilikiwa na desturi ya choo kwa wiki kadhaa, au akipata homa na usaha, asingoje. Kila atokaye damu apimwe, maana si kila damu ni mpasuko, wala si kila damu ni saratani.

Haya ni sehemu ya imani, nayo hutusitiri mbele za watu. Haikuwekwa ituzuie kumweleza tabibu pale panapouma. Mzee wetu amerejea darsani, alhamdulillahi, na safari hii hukaa mpaka Isha inapoadhiniwa.