Mbu Watatu, Karata Chache: Nani Apigwe Kwanza?

Katika mchezo wa karata uitwao lasti kadi, unaochezwa sana vibarazani na vijiweni Dar es Salaam, wachezaji wanne au watano hushindana kumaliza karata zilizo mkononi. Karata chache tu, kama ile ya mbili, humwezesha mtu kumwadhibu mwenzake kwa kumlazimisha aokote nyingine. Mchezaji mchanga huitoa karata hiyo mapema, ili kumkomoa anayepiga kelele zaidi au aliyemwadhibu raundi iliyopita. Mzoefu huhesabu karata za kila mmoja, kisha huitunza ya kwake mpaka anayefuata kwa zamu awe yule anayekaribia kumaliza.

Uamuzi wa namna hiyo huikabili kila kaya na kila kituo cha afya katikati ya jiji. Wapo mbu wa aina tatu wenye madhara, na nyenzo za kupambana nao ni chache. Anayechagua vibaya wa kumshambulia kwanza hutumia fedha na nguvu zake bila kujikinga na hatari iliyo kubwa.

Wapinzani watatu

Wa kwanza ni kuleksi. Huyu ndiye mwenye kelele. Huzaliana kwa wingi katika maji machafu: vyoo vya shimo, makaro na mifereji iliyoziba. Huuma usiku, na wengi wa mbu wanaowakosesha usingizi wakazi wa jiji ni wa aina hii. Haenezi malaria, ila anaweza kueneza vimelea vya matende na mabusha, ugonjwa unaojengeka polepole kwa kuumwa mara nyingi katika muda mrefu.

Wa pili ni anofelesi, aenezaye malaria. Naye huuma usiku, lakini ni wachache kuliko kuleksi na aghalabu hawatambuliwi. Huzaliana zaidi katika madimbwi ya wazi yapatayo jua, matuta ya bustani za mboga na mashimo yaliyochimbwa kwa ujenzi. Uchache wake usimdanganye mtu: malaria kali yaweza kumuua mtoto ndani ya siku moja au mbili.

Wa tatu ni aedesi, mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni. Huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kutua, na hueneza homa ya dengue, ambayo Waswahili wa pwani waliiita kidingapopo tangu zamani. Wapo wanaisimu wanaolihusisha jina hilo na neno dengue lenyewe. Jiji la Dar es Salaam limepata milipuko ya ugonjwa huu mwaka 2010, 2014 na 2019.

Funzo la kata 15

Mwaka 2004 jiji lilianzisha Mpango wa Kudhibiti Malaria Mjini katika kata 15 za manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, eneo la takriban kilomita za mraba 56. Mwaka 2006 umwagaji wa dawa ya kuua viluwiluwi ulianza katika kata tatu: Buguruni, Kurasini na Mikocheni. Dawa iliyotumika hutokana na bakteria wanaowadhuru viluwiluwi wa mbu bila kumdhuru binadamu.

Mpango ulimlenga kwanza anofelesi, ndiyo maana madimbwi ya wazi yalitembelewa kila wiki. Hata hivyo, wananchi walisumbuliwa zaidi na kuleksi. Kama mbu wanaowasikia kila usiku wasingepungua, wangeona kazi yote ni bure na kuwafungia wahudumu milango. Kwa hiyo vyoo na makaro navyo viliwekewa dawa, ila kwa vipindi virefu zaidi. Adui mkuu alipewa sehemu kubwa ya nguvu, na mwenye kelele akapewa kiasi cha kutosha kulinda imani ya watu. Maambukizi ya malaria yalipungua katika maeneo yaliyohudumiwa.

Adui hubadilika kwa saa

Kariakoo ina jambo lake la pekee. Umati unaoijaza mitaa ya Msimbazi, Kongo na Mkunguni mchana hurudi jioni Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto. Mfanyabiashara huyo hukabiliwa na aedesi akiwa kazini, na anofelesi akiwa nyumbani. Chandarua chenye dawa, silaha bora ya usiku, hakimfai akiwa amesimama kwenye meza ya biashara saa nne asubuhi.

Sokoni, basi, wa kupigwa kwanza ni aedesi, na mahali pa kumpigia ni kwenye mazalia. Hutaga katika maji yaliyotuama ndani ya vyombo: ndoo, makopo, matairi chakavu, vifuu vya madafu, mikunjo ya maturubai na matangi ya juu ya ghorofa yasiyofunikwa. Yai huchukua takriban siku saba hadi kumi kuwa mbu kamili. Kwa sababu hiyo, kumwaga maji na kusugua vyombo mara moja kwa wiki hukata mzunguko huo. Kusugua ni muhimu, kwani mayai hung'ang'ania ukutani mwa chombo na huweza kudumu miezi kadhaa yakiwa makavu, yakisubiri mvua.

Mpangilio wa hatua kituoni

Mgonjwa mwenye homa anapofika kituoni, swali la nani apigwe kwanza hurudi kwa sura nyingine. Hatua zifuatazo humsaidia mhudumu:

1. Dalili za hatari hutangulia jina la ugonjwa. Degedege, kupoteza fahamu, kupumua kwa shida, kutokwa damu au kushindwa kunywa huhitaji huduma ya dharura papo hapo.

2. Malaria hupimwa mapema, kwa kuwa huua haraka, ina kipimo cha haraka na ina tiba. Dawamseto hutolewa kwa aliyethibitika, si kwa kukisia.

3. Kipimo kisichoonyesha malaria hakimalizi uchunguzi. Maumivu nyuma ya macho, viungo kuuma na vipele humwelekeza mhudumu kufikiria dengue. Aidha, mtu mmoja aweza kuwa na magonjwa yote mawili.

4. Dengue inaposhukiwa, homa hutulizwa kwa parasetamoli. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huepukwa, maana huongeza hatari ya kutokwa damu.

Wagonjwa nao wana la kuzingatia. Katika dengue, siku ambayo homa inashuka yaweza kuwa mwanzo wa hatari badala ya mwisho wake. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kutokwa damu puani au kwenye fizi, uchovu mkubwa au kuhangaika katika siku ya tatu hadi ya saba ni sababu ya kurudi hospitali bila kuchelewa. Wengi hudhani wamepona, wakarejea sokoni, na ndipo hali huwabadilikia.

Kwa kaya yenye kipato kidogo, mpangilio ni huu: chandarua chenye dawa kwa kila anayelala, watoto wachanga na wajawazito wakitangulia, vyombo vya maji vimwagwe, visuguliwe na vifunikwe kila wiki, kisha choo na karo vizibwe vizuri ili kuleksi apungue. Dawa ya kupuliza ndani ya nyumba hufuata fedha ikibaki. Huua mbu waliopo usiku huo, lakini haigusi mazalia yaliyo uani.