Kompyuta yasaka dawa ya bakteria katika miti shamba

Ukivuka mpaka kwa miguu pale Busia au Malaba, ni rahisi kumkuta mama aliyetandaza gunia chini, juu yake mizizi, magome na majani makavu. Hatua chache kando kuna duka la dawa, ambako mtu hupata vidonge viwili vitatu vya kuua bakteria bila cheti cha daktari, ingawa sheria hairuhusu. Dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni hujitibu kwa vyote viwili.

Hivyo vidonge ndivyo vinavyowatia wataalamu wasiwasi. Bakteria wakipewa dozi nusunusu, walio sugu hubaki na kuzaana. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 yalionyesha kuwa watu milioni 1.27 duniani walifariki mwaka 2019 kutokana na bakteria walioshinda dawa. Je, gunia la yule mama lina msaada?

Sehemu ya jibu imekwisha kuandikwa, ila imetawanyika. Mwaka 1902 Waingereza walihamisha mpaka wa Uganda, na leo Wateso na Wasamia wako pande zote mbili. Mmea mmoja una jina la Kiteso, la Kisamia, la Kijaluo na la Kiganda. Watafiti wa Makerere huandika yao, wa Nairobi na wa KEMRI, ambayo ina kituo Alupe karibu na mji wa Busia, huandika yao. Hata jina la kisayansi hubadilika: mmea mchungu ambao Wajaluo huuita olusia ulijulikana miaka mingi kama Vernonia amygdalina, na siku hizi wataalamu wengi huuita Gymnanthemum amygdalinum. Anayetafuta jina moja hulikosa jingine.

Hapo ndipo akili unde inaposaidia. Programu hiyo hupewa muhtasari wa maelfu ya ripoti, ikatenga zinazofaa, kisha ikaorodhesha mmea, sehemu iliyotumika, jinsi ilivyoandaliwa, bakteria waliojaribiwa na kiasi kilichowazuia. Kazi ya miezi hufanywa kwa siku chache.

Hicho kiasi, ndugu msomaji, ndicho cha kuangaliwa sana. Wataalamu wengi husema maji ya mmea yana nguvu ya kweli yakizuia bakteria kwa chini ya maikrogramu 100 katika mililita moja. Zipo ripoti nyingi zinazosifu mimea iliyohitaji mara kumi au zaidi ya hapo. Hata chumvi ikizidi huzuia bakteria kwenye kisahani cha maabara!

Jambo la pili ni namna ya kuandaa. Nyumbani majani huchemshwa kwa maji. Maabara nyingi huyaloweka katika methanoli, ambayo ni sumu kwa anayeinywa. Matokeo ya huku hayathibitishi ya kule. Bi Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria, alifanikiwa baada ya kusoma katika kitabu cha kale kwamba mmea uliloweshwa kwa maji, si kuchemshwa. Kompyuta ikiruka mstari kama huo, kazi yote ni bure.

Nayo hukosea. Wakati mwingine hutaja utafiti ambao haukuwahi kufanywa, kwa ujasiri wa ajabu, hivyo lazima mtu afungue kila ripoti na kuhakikisha. Tena haisomi tasnifu zilizomo kwenye rafu za vyuo bila kuingizwa katika kompyuta, wala ujuzi wa mama wa gunia ambao haujaandikwa popote.

Kwa sasa, kidonda kinachovimba na kuleta homa kipelekwe hospitali mapema. Ukiwa umekunywa dawa ya shamba, mwambie daktari jina lake kwa lugha yoyote unayoijua, au mbebee jani lenyewe.